Stefan Edberg: alitwaaje Grand Slam 6 bila servisi ya nguvu?

Voli_Kwanza:

Wakuu, naomba msaada wa wanaoujua vizuri mchezo wa Stefan Edberg, mchezaji tenisi wa Sweden. Rekodi yake ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, iko wazi: Australian Open 1985 na 1987, Wimbledon 1988 na 1990, US Open 1991 na 1992. Fainali 11 za Grand Slam za mchezaji mmoja mmoja, kashinda 6. Namba moja duniani kwa jumla ya wiki 72.

Kinachonitatiza ni hiki. Enzi zake kulikuwa na Boris Becker, kisha wakaja Goran Ivanišević na Pete Sampras, watu ambao servisi zao zilikuwa hazirudi. Ya Edberg ilikuwa inarudi. Forehendi yake nayo (kipigo cha upande wa mkono wa raketi), kwa kiwango cha watu wa juu, ilikuwa ya kawaida tu. Sasa pointi alikuwa anazitoa wapi?

La pili, Becker alimfunga mara 25 katika mechi 35. Lakini kwenye fainali tatu mfululizo za Wimbledon, 1988 hadi 1990, Edberg kachukua mbili. Imekuwaje?

La tatu ni la vitendo. Kuna kijana wa miaka 14, urefu wa kawaida, voli nzuri (kuupiga mpira kabla haujadunda), mkono hauna nguvu nyingi. Ile servisi ya Edberg inafundishika, au ilikuwa yake peke yake?

kiti_cha_refa:

Mkuu, swali la kwanza jibu lake liko kwenye vipimo vya uwanja. Kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni ni mita 11.89. Mstari wa servisi uko mita 6.40 kutoka wavuni. Maana yake anayepiga servisi na kupanda wavuni ana kama mita 5 na nusu za kukimbia ili tu afike kwenye mstari wa servisi. Pale ndipo voli ya kwanza inapoanza kuwa ya kushambulia. Ukiwa nyuma ya pale, mpira unakufikia umeshaanza kushuka, unauokota karibu na viatu, na voli inayopigwa kutoka chini ya kimo cha wavu lazima iinuliwe. Voli iliyoinuliwa ni zawadi kwa mpinzani.

Hapo ndipo servisi kavu ya kasi, isiyo na mzunguko, inapomponza mtu anayetaka kupanda. Isiporudi, sawa, umepata pointi. Ikirudi, inarudi upesi kwa sababu ilikwenda upesi, nawe bado uko njiani. Edberg alipiga servisi ya kiki hata kwenye mpira wa kwanza: mpira wenye mzunguko mwingi, unaopaa juu ya wavu, unaochelewa kidogo hewani, kisha ukidunda unaruka juu na kwenda pembeni, upande wa bekihendi ya mpokeaji wa mkono wa kulia, yaani kushoto kwake. Ukipata sehemu 2 za kumi za sekunde zaidi, na unakimbia mita 5 kwa sekunde, umejipatia mita nzima. Mita hiyo moja ndiyo inayomtoa mtu kwenye voli ya viatuni na kumfikisha kwenye voli ya kimo cha kiuno.

Kwa hiyo servisi yake haikuwa na kazi ya kumaliza pointi. Kazi yake ilikuwa kumpeleka yeye mahali fulani uwanjani na kumlazimisha mpokeaji apige mpira akiwa ameinua mikono hadi begani. Pointi ilikuwa inamalizwa na voli ya kwanza au ya pili. Ukitazama mechi zake ukihesabu esi tu (servisi ambazo mpokeaji hakuzigusa), hutaona kitu.

Na miguu ilikuwa yake kweli. Alikuwa akitua ndani ya uwanja, hatua ya kwanza tayari iko njiani, halafu mpokeaji anapokaribia kugusa mpira yeye anachupa kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, mwili umetulia, raketi iko mbele. Wengi wanakimbia hadi mpira unawapita kwa sababu hawasimami. Edberg alisimama kila mara, hata kama hajafika alikotaka kufika.

dada_wa_seti5:

Kiti_cha_refa kaeleza vizuri sana. Mimi niongeze bekihendi, kwa sababu bila hiyo servisi peke yake isingemtosha.

Edberg amezaliwa Västervik, mji wa pwani ya mashariki ya Sweden, tarehe 19 Januari 1966. Amekua wakati Björn Borg ndiye kila kitu nchini kwao, na watoto wote wanapiga bekihendi ya mikono miwili kama Borg. Edberg naye alianza hivyohivyo. Kocha Percy Rosberg, ambaye Borg mwenyewe alipitia mikononi mwake utotoni, ndiye aliyemshauri huyu kijana ahamie bekihendi ya mkono mmoja. Huo ni uamuzi mzito kwa kocha, kwa sababu mtoto anayebadilisha bekihendi hupoteza mechi nyingi kwanza. Ila Rosberg aliona kwamba kijana huyu anapenda kwenda mbele, na mtu wa kwenda mbele mkono mmoja unamfaa: voli ya bekihendi ni ya mkono mmoja, mpira wa kukata wa kupandia wavuni ni wa mkono mmoja, na mshiko wake uko jirani sana na ule wa voli na wa servisi. Mkono haubadilishibadilishi mshiko katikati ya pointi.

Matunda yake: bekihendi yake ikawa silaha. Alipokea nayo servisi za watu wakubwa, alimpita nayo mtu aliye wavuni, na alijua kuinua mpira ukamvuka mpinzani kichwani. Mwaka 1983 akatwaa mataji yote manne ya vijana ya Grand Slam ndani ya mwaka mmoja. Katika enzi ya tenisi ya kulipwa hakuna mvulana mwingine aliyefanya hivyo.

Mwaka huohuo, kwenye mashindano ya vijana ya US Open, servisi yake moja ilimpiga mwamuzi wa mstari, akaanguka, kichwa kikagonga sakafu ngumu ya uwanja, na baadaye akafariki. Naitaja kwa heshima ya marehemu, na kwa sababu watu wanaposema servisi ya Edberg ilikuwa laini wanakosea. Mpira wake ulikuwa mzito.

Mzee_wa_Nyasi:

Kuhusu Becker, Voli_Kwanza, zigawe hizo mechi 35 kabla hujashangaa.

Kwenye Grand Slam walikutana mara nne tu. Nusu fainali ya Roland Garros (Grand Slam ya Paris, ya udongo) 1989, Edberg kwa seti tano. Fainali ya Wimbledon 1988, Edberg: 4-6, 7-6, 6-4, 6-2, mechi iliyoanza Jumapili, mvua ikaikatiza, ikamalizika Jumatatu. Fainali ya 1989, Becker: 6-0, 7-6, 6-4. Fainali ya 1990, Edberg: 6-2, 6-2, 3-6, 3-6, 6-4, na kwenye seti ya tano Becker alikuwa ameshatangulia kuvunja servisi, yaani kushinda gemu ambayo Edberg ndiye aliyepiga servisi. Hesabu yake ni 3 kwa 1. Ongeza fainali ya Masters ya mwaka 1989 pale Madison Square Garden, Edberg alishinda pia baada ya kupoteza seti ya kwanza.

Becker alijazia wapi hizo 25? Nyingi ni ndani ya kumbi na kwenye Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa. Kwenye ukumbi hakuna upepo wala jua, servisi kavu ya Becker inatua pale pale alipoilenga, na zulia la miaka ile lilikuwa linauteleza mpira uje chini. Mpira wa kiki unataka sakafu inayouruhusu kupanda. Ukidunda ukaja kimo cha kiuno badala ya bega, Becker mwenye mabega yale anaurudisha kama ngumi. Fainali ya Davis ya 1985 kule Munich Becker alimfunga Edberg, ya 1988 pale Göteborg akamfunga, ya 1989 kule Stuttgart akamfunga tena. Hizo ni mechi ambazo Wajerumani hawazisahau.

Lakini hiyo ya Munich isomwe mpaka mwisho. Sweden na Ujerumani Magharibi walikuwa 2 kwa 2, ikabaki mechi ya tano, na Edberg mwenye miaka 19 ndiye aliyeingia na kumfunga Michael Westphal. Sweden ikatwaa kombe kwa 3-2. Mwaka mmoja kabla, 1984, yeye na Anders Järryd waliwafunga John McEnroe na Peter Fleming, jozi ambayo haikuwa imewahi kupoteza mechi ya Kombe la Davis. Wanaosema Edberg alikuwa hana moyo wa vita hawajui wanachosema.

udongo_mwekundu:

Moyo alikuwa nao, sikatai, lakini tusipambe kila kitu. Fainali ya Roland Garros 1989 alipaswa kushinda. Mbele yake alikuwa Michael Chang wa miaka 17. Edberg kapoteza seti ya kwanza 6-1, kachukua ya pili na ya tatu 6-3, 6-4, na kwenye seti ya nne kapata nafasi nyingi za kuvunja servisi ya Chang. Hazikuingia. Ikaisha 6-4, 6-2 kwa Chang. Hakufika tena fainali ile maishani mwake, na ndiyo Grand Slam pekee aliyoikosa.

Sababu naiona ni ileile aliyoieleza Kiti_cha_refa, ila kwa upande wa pili. Udongo unaupandisha mpira wa kiki juu sana, hilo ni jema, lakini pia unampa mpokeaji muda wa kurudi nyuma mita 2 au 3, akausubiri ushuke, akauzungusha kwa nguvu. Mpira unakuja wavuni ukiwa unazama. Voli ya kwanza kwenye nyasi inakufa. Kwenye udongo inadunda na kusimama, mpinzani anaifikia. Kwa hiyo pointi ambayo kwenye Wimbledon ilihitaji voli moja, Paris ilihitaji tatu. Ukiwa umecheza hivyo kwa seti nne, miguu inachelewa kidogo, na mchezo wote wa Edberg uko kwenye miguu. Mwaka uliofuata alitolewa raundi ya kwanza na Sergi Bruguera bila kupata hata seti.

Na kuna Jim Courier. Huyu alimfunga kwenye fainali mbili za Australian Open, 1992 na 1993. Sakafu ya Melbourne wakati ule ilikuwa inapandisha mpira, na Courier alikuwa anaupiga mapema, ukiwa bado unapanda, kwa bekihendi fupi ya mikono miwili. Kiki inakuwa ugonjwa kwa anayerudi nyuma au anayeipokea kwa mkono mmoja ulioinuliwa. Kwa anayesogea mbele na kuipiga mapema, ni mpira wa polepole uliokuja kimo kizuri.

dada_wa_seti5:

@udongo_mwekundu, sababu zako za Paris nazikubali, lakini kwa Courier umeacha fainali ya US Open 1991: 6-2, 6-4, 6-0. Courier yuleyule, miezi michache tu kabla ya Melbourne. Courier alipata gemu 6 tu mechi nzima, kwenye uwanja mgumu. Siku ile Edberg hakumwachia apige mapema kwa sababu hakurudia sehemu moja. Mpira mmoja nje kabisa, mmoja mwilini, mmoja katikati kwenye mstari. Aliyejipanga kusogea mbele lazima ajue mpira unakwenda upande gani. Asipojua, anakwama. Pia kwenye servisi za Courier alikata bekihendi na kupanda wavuni, akamnyima mwenzake ule mdundo wa kupiga forehendi tano mfululizo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: servisi yake iliharibika pale urefu ulipopungua au sehemu ilipotabirika. Kiki inayotua katikati ya kisanduku cha servisi inauawa na mtu yeyote wa kumi bora. Inayotua nusu mita kabla ya mstari, ikapanda, hata Courier alihangaika nayo.

fundi_wa_nyuzi:

Vifaa pia vitajwe, maana kijana wa leo akishika raketi ya Edberg atashangaa. Alitumia Wilson Pro Staff yenye uso wa inchi za mraba 85. Raketi nyingi za sasa ni 98 hadi 100. Ikiwa na nyuzi zake inazidi gramu 350, na uzito umekaa kuelekea mkononi. Raketi ya hivyo ni tulivu sana kwenye voli: mpira unakuja kwa kasi, raketi haitikisiki, wewe unaelekeza tu. Lakini ukiuchelewa mpira, au ukiugusa nje ya katikati ya uso, imekwisha. Haisamehe.

Upande wa pili wa wavu hali ilikuwa hiyohiyo, na hilo ndilo lililompa Edberg nafasi. Mpokeaji mwenye raketi ndogo na nyuzi za utumbo hakuweza kuuzungusha mpira kwa kasi ukazama miguuni kwa mtu aliye wavuni. Nyuzi za poliesta zilipoingia, na Gustavo Kuerten akatwaa Roland Garros 1997 akiwa nazo, mpokeaji akapata uwezo wa kupiga kwa nguvu zote na mpira ukabaki ndani. Mwaka 2001 Wimbledon nao wakabadilisha mbegu za nyasi: zamani ilikuwa asilimia 70 ya nyasi za rai na 30 za feskyu, wakaenda rai tupu. Ardhi ikawa ngumu zaidi, mpira ukaanza kudunda vizuri na kupanda. Edberg alikuwa ameshastaafu tangu 1996. Mchezo wake haukushindwa na mtu mmoja. Mazingira yaliyouwezesha yaliondolewa moja baada ya jingine.

Voli_Kwanza:

Asanteni sana, nimepata mwanga mkubwa. Swali la kijana bado. Na mwenye kujua US Open 1992 aigusie, nasikia ilikuwa ya ajabu.

KochaWaAsubuhi:

Kijana wa miaka 14 anafundishika, ndugu yangu, lakini kwa mpangilio na kwa tahadhari ya mgongo. Kiki inapinda uti wa mgongo kwa nyuma na pembeni kwa wakati mmoja, na mifupa ya kiuno ya umri huo haijakomaa. Servisi 30 hadi 40 za kiki kwa kipindi zinatosha, siku tatu kwa wiki, si kila siku. Akilalamika maumivu ya kiuno upande mmoja yanayorudi kila akipinda nyuma, asimamishwe na aonwe na daktari, asiambiwe avumilie. Edberg mwenyewe aliumia misuli ya tumbo kwenye Australian Open 1990, akaiacha fainali mkononi mwa Ivan Lendl katikati ya seti ya tatu. Tumbo na mgongo ndivyo vinavyolipia servisi ya aina hii.

Mshiko uwe ule wa kushika nyundo. Akishika kama anavyoshika kwa forehendi, uso wa raketi utafunguka na mpira hautazunguka. Atakuwa anausukuma tu. Asimame akiwa ameupa wavu ubavu zaidi ya kawaida, mguu wa mbele ukielekea kwenye nguzo ya wavu. Kila anayekumbuka Edberg anakumbuka ule mkao: mgongo karibu wote unamwelekea mpinzani, magoti yamekunjwa, upinde wa mwili.

Kurusha mpira ndiko kunakoharibu wengi. Uende juu ya kichwa, ukielekea kidogo bega la kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Kidogo tu. Ukienda kushoto sana na nyuma, mgongo unapinda kupita kiasi na mwili unaanguka pembeni badala ya kwenda mbele, na hapo mbio za wavuni zimekufa kabla hazijaanza. Mpira ubaki kiasi ndani ya uwanja, ili ukiuacha udondoke uangukie mbele ya mstari, si nyuma yake. Mpe zoezi hilo peke yake: arushe mpira mara 20 bila kupiga, auache udondoke, aone unaangukia wapi.

Raketi ipite nyuma ya mpira kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Kwa kuanzia asimame kwenye mstari wa servisi, si nyuma kabisa, na ufunge kamba mita moja juu ya wavu. Lengo ni kuupitisha mpira juu ya kamba na bado utue kwenye kisanduku. Hatafanikiwa kwa kuubembeleza. Atagundua mwenyewe kwamba akipunguza kasi ya mkono mpira unatoka nje, na akiongeza kasi ya kusugua unazama ndani. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kuliamini: ukiogopa, piga kwa kasi zaidi. Vijana wengi servisi ya pili inawavunjikia kwa sababu wanapunguza mkono.

Akishaweza, msogeze nyuma mita mbilimbili hadi mstari wa nyuma. Kamba iondoke. Halafu weka alama mbili za chaki: moja nusu mita kabla ya mstari wa servisi upande wa mpinzani, mpira utue baada ya hapo; nyingine upande wake mwenyewe, pale alipo baada ya hatua tatu za kukimbia. Apige, apande, na wewe upande wa pili useme "sasa" unapogusa mpira. Kwenye hilo neno lazima miguu yote miwili iwe inatua chini. Asipofika kwenye alama si kosa. Kosa ni kuwa bado anakimbia.

Upande wa kushoto wa uwanja aanze na ile ya kutoka nje, kwa sababu inamvuta mpokeaji wa mkono wa kulia nje kabisa ya uwanja kwa bekihendi, na upande wote wa kulia wa mpokeaji unabaki wazi kwa voli. Mpokeaji akiwa wa mkono wa kushoto, mpira huohuo unamkuta kwenye forehendi yake, kwa hiyo ageuze: ailenge katikati au mwilini. Hili lisisahaulike, maana kijana anayeshinda mechi tano kwa servisi ya nje huwa anaipiga hivyohivyo kwa mtu wa kushoto na kushangaa.

Mzee_wa_Nyasi:

US Open 1992 mimi naiweka juu ya Wimbledon zake zote mbili. Raundi ya nne dhidi ya Richard Krajicek, robo fainali dhidi ya Lendl, nusu fainali dhidi ya Chang: mechi tatu mfululizo za seti tano, na katika zote tatu alikuwa ameshavunjiwa servisi kwenye seti ya tano akarudi. Ile ya Chang ilichukua saa 5 na dakika 26, ikawa mechi ndefu kuliko zote za US Open kwa zaidi ya miaka 30, hadi 2024. Iliisha Jumamosi, na Jumapili akaingia fainali na Sampras. Kapoteza seti ya kwanza 3-6, kisha 6-4, 7-6, 6-2. Sampras mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kipigo kile ndicho kilichomfanya achukie kushindwa, na baada ya hapo akafikisha Grand Slam 14.

Fikirieni mtu anayepanda wavuni kila servisi kwa saa 5 na nusu. Anayebaki nyuma ya mstari anaweza kupumzika ndani ya pointi. Huyu hawezi.

fundi_wa_nyuzi:

Na asisahauliwe kwenye mchezo wa wawili wawili. Namba moja duniani kwa mmoja mmoja na kwa wawili wawili: kwa wanaume, tangu orodha ya ubora ianze, ni McEnroe na Edberg tu. Grand Slam 3 za wawili wawili, mbili na Järryd mwaka 1987, Australian na US Open, na ya tatu na Petr Korda, Australian Open 1996, mwaka wake wa mwisho. Kijana wa Voli_Kwanza acheze wawili wawili kwa wingi. Voli ya kwanza inakomaa huko, kwa sababu nusu ya uwanja ina mtu tayari na mpira lazima uwekwe chini.

udongo_mwekundu:

Hapo nakuunga mkono. Na alipomfundisha Roger Federer, 2014 na 2015, matokeo yalionekana upesi: Federer alipanda wavuni zaidi, akafika fainali mbili za Wimbledon na moja ya US Open akiwa na miaka kati ya 32 na 34. Zote tatu Novak Djokovic alimzuia, lakini Federer wa 2013 hakufika fainali hata moja ya Grand Slam.

Voli_Kwanza:

Mmenimaliza kiu. La mwisho: kijana aanze kutazama mechi ipi?

kiti_cha_refa:

Fainali ya US Open 1991, yote, kwa sababu ndipo kila kitu kilifanya kazi. Mara ya kwanza atazame miguu tu, macho yasifuate mpira. Mara ya pili awe na karatasi, kila servisi ya Edberg aandike ilitua wapi na voli ya kwanza ilikwenda upande gani.

Baada ya hiyo mpe nusu fainali ya Wimbledon 1991 dhidi ya Michael Stich. Edberg hakuvunjiwa servisi hata mara moja mechi nzima, na bado alitolewa: 4-6, 7-6, 7-6, 7-6. Hapo karatasi igeuzwe. Asiandike servisi za Edberg, aandike alivyozipokea zile za Stich: zipi alikata, zipi alipiga kwa nguvu, na ni ngapi zilimlazimisha Stich apige voli kutoka chini ya wavu. Taibreki tatu zile (gemu za kuamua seti ikiwa 6-6) ziandikwe pointi kwa pointi, kila moja kwenye ukurasa wake.